Mwalimu Anayebisha Hodi

Mtaje Bruda Peter Tabichi mjini Nakuru, na mazungumzo yataanza na pesa: dola milioni 1 za Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani alizoshinda Dubai mwezi Machi 2019, na ile asilimia 80 ya mshahara aliyokuwa akiwapa wenye shida. Habari tamu, ila mimi hunivutia kidogo. Mshahara anaweza kuutoa yeyote mwenye moyo. Kumrudisha kwenye hesabu mtoto aliyekwisha kujiambia kwamba yeye ni mjinga, huo ni ufundi.

Alikuwa akiufanyia ufundi huo Keriko, shule ya upili ya kutwa katika kijiji cha Pwani, Njoro (bahari iko mbali, usiulize). Mtawa huyu wa Wafransisko alifundisha hisabati na fizikia mahali penye mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58, kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Wapo waliotembea kilomita 7 kuja shuleni, kwa njia ambazo mvua ikinyesha hazipitiki. Basi mwalimu akawa anaenda saiba, anapakua masomo, anayahifadhi, kisha anarudi kuyaonyesha darasani bila kuhitaji intaneti.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa ya wikendi. Tabichi na wenzake wanne waliwafundisha wanafunzi waliolemewa, mmoja mmoja, na wakawafuata hadi nyumbani. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Rejista ya darasa inajua mambo mawili tu: yupo, hayupo. Mwalimu anayebisha hodi akakaribishwa kigoda anaona mengine: kwamba hakuna meza wala taa ya kusomea, kwamba bibi ndiye mzazi, kwamba kuna mazungumzo ya kumwoza binti kabla ya Kidato cha Nne. Karibu theluthi ya wanafunzi wa Keriko walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja. Anayejua hayo hamchapi mtoto kwa kuchelewa. Anabadilisha saa ya kumfundisha, na anazungumza na mlezi kwa adabu mpaka waelewane. Kazi hii ni ya polepole na haina makofi.

Subira hiyohiyo ilikuwa katika chama cha sayansi. Mlezi wa chama mwenye pupa huishia kuwatengenezea wanafunzi kifaa, wao wakabaki kukibeba. Tabichi aliwaongoza kupanga utafiti wao hadi asilimia 60 ya miradi ikafikia kiwango cha mashindano ya kitaifa. Mwaka 2018 wanafunzi wake walionyesha kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na timu ya hisabati ikafuzu kwenda mashindano ya kimataifa Arizona, Marekani. Wengine walishinda tuzo ya shirika la wanakemia la Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya hapohapo kijijini.

Njoro ina historia isiyosahaulika kwa urahisi. Mwaka 1939 Lord Egerton alianzisha hapo shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu, si kwa watoto wa waliolima mashamba ya hapo. Shule hiyo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, na Tabichi alisoma humo. Halafu yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, jirani akamgeukia jirani. Watoto wa makabila saba walikaa pamoja Keriko. Bruda aliwaundia klabu ya amani, na naona alichagua vyema: hakuwahubiria sana, aliwapa midahalo ya kubishania na miti ya kupanda pamoja.

Nina neno moja kwa wanaomsifu, hasa wenye vyeo. Mwalimu kutoa mshahara wake si sera ya elimu, na tuzo ilibeba jina moja ilhali waliopita nyumba kwa nyumba walikuwa watano. Waajiriwe walimu, mwenye wanafunzi 58 apunguziwe, apate nafasi ya kubisha hodi.

Matokeo yalionekana kabla ya Dubai. Ndani ya miaka mitatu idadi ya wanafunzi ilikuwa imeongezeka maradufu hadi 400. Mwaka 2017 waliojiunga na vyuo kutoka Keriko walikuwa 16. Mwaka uliofuata walikuwa 26.