Kukinga, Kuziba na Kutoa Maji: Uhakiki wa Istilahi za Ujenzi

Katika maelekezo ya ujenzi yaandikwayo kwa Kiswahili, ni vitenzi vichache vilivyotwikwa mzigo mzito kama kuzuia. Lipu huambiwa izuie maji, karatasi ya lami izuie maji, na mtaro nao uzuie maji. Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba kitenzi hiki kimefunika kazi tatu zilizo mbalimbali, na kwamba hasara ya mchanganyiko huo haiishii katika lugha, bali humwangukia mwenye nyumba.

Tuchukue mfano wa nyumba kongwe za nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Nyumba zenye chumba kamili chini ya ardhi ni adimu huko. Lakini kiwanja kikikatwa katika mteremko, chumba cha nyuma huegemea mlima, na ukuta wake ukafukiwa udongo hadi kiunoni au zaidi. Chumba hicho hupata maradhi yale yale ya chumba cha ardhini: sakafu huloa, chokaa hubanduka, kuvu huota, na nafaka iliyowekwa humo huharibika.

Chanzo cha maradhi hayo ni tabia ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huu hupitisha maji polepole mno. Fundi alipochimba ili ajenge msingi, kisha akarudishia udongo uliolegea, alifanya bakuli bila ya kujua: maji ya mvua huingia kwa urahisi katika udongo uliolegea, lakini hayapati njia ya kutokea katika ule ulioshikamana. Maji yakisimama kwa kina cha mita 1, msukumo wake mwishoni mwa kina hicho hukaribia uzito wa tani 1 kwa kila mita 1 ya mraba ya ukuta.

Sasa fundi huyo akipewa karatasi isemayo “zuia maji ukutani,” atafanya nini? Atapiga lipu ya saruji upande wa ndani, na msimamizi atatia sahihi kwamba kazi imekwisha. Maji yatabaki nje yakisukuma, matofali yatabaki yameloa, na lipu itafura na kubanduka. Kama matofali yaliunganishwa kwa udongo, kiungio hicho kitalainika na ukuta utapungua nguvu. Hapo fundi hakukosa utii. Maelekezo ndiyo yaliyokosa kumwambia kazi yenyewe.

Kazi ya kwanza ni kutoa maji, yaani kuyapa njia ya kuondoka kabla hayajaushinda ukuta. Maji ya paa hupelekwa mbali na nyumba, uso wa ardhi huinamishwa ili utiririshe nje, na upande wa mlimani huchimbwa mtaro wenye kokoto na bomba la matundu, ulioinama kama sentimita 1 kwa kila mita 1, hadi mahali pa chini pa kumwagia. Kwa nyumba kongwe mtaro huo huchimbwa kipande kwa kipande, wala hauendi chini ya usawa wa msingi, ili ukuta usikose mahali pa kuegemea. Kazi ya pili ni kuziba, yaani kupaka upande wa nje wa ukuta kitu kisichopitisha maji yenye msukumo. Kazi ya tatu ni kukinga unyevu, yaani kuweka tabaka baina ya msingi na ukuta ili unyevu usipande kama mafuta yapandavyo katika utambi. Mwenye kuziba bila ya kutoa ameyaacha maji yarundikane nyuma ya ukuta.

Ubaya wa kuzuia huonekana zaidi katika “ukuta wa kuzuia udongo.” Ukuta huo, ukijengwa sawasawa, huzuia udongo lakini huachiwa matundu ya kutolea maji. Kitenzi hiki basi kimepata makao yake hapo, nasi tungependa kibaki na udongo.

Upo mtego mwingine unaomngoja mfasiri. Mtaro wa kokoto tulioueleza huitwa na Waingereza na Wamarekani kwa neno linaloweza kusomwa kama “wa Kifaransa.” Mfasiri asiyechunguza ataandika “mtaro wa Kifaransa,” na msomaji atadhani umetoka Ufaransa. Jina hilo huhusishwa na Henry French, Mmarekani wa Massachusetts aliyechapisha kitabu juu ya kukausha mashamba mwaka 1859. Kwetu “mtaro wa kokoto” latosha, kwa kuwa lamwambia fundi kitu cha kutia ndani.

Kuhusu chumba chenyewe, “ghorofa ya chini” haifai, maana kwa watu wengi ni ile iliyo sawa na ardhi. “Handaki” huleta fikira za vita. “Sardabu,” neno la asili ya Kiajemi lililopitia Kiarabu, lina heshima yake, lakini si wengi walijuao. Hata “rutuba,” ambayo kwa Kiarabu ni unyevu, leo humpeleka msomaji shambani.

Kwa hiyo tunapendekeza: kutoa maji, kuziba maji na kukinga unyevu kwa kazi tatu hizo; mtaro wa kokoto kwa chombo; na chumba cha ardhini kwa mahali. Walimu wa ufundi wayajaribu karakanani, na watumishi wanaoandaa mikataba waandike kila kazi kwa jina lake na kwa utaratibu wake, kutoa kukitangulia. Mafundi wa Kasulu na Kibondo wakiwa na maneno yaliyo bora kuliko haya, basi hayo ndiyo yaingizwe katika orodha.