"Koti Safi" au Mkono wa Vanishi? Maoni juu ya Istilahi za Umaliziaji wa Gitaa

Istilahi mbaya haiudhi masikio tu. Huweza pia kuharibu kazi ya mikono. Jambo hili tulilishuhudia Kihagara, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Seremala mmoja kijana alikuwa amejichongea gitaa la mninga, na kazi iliyobaki ilikuwa kulipaka vanishi isiyoficha uzuri wa mti. Kopo alilonunua lilikuja na kikaratasi cha maelezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Kikaratasi kilimwagiza aanze na "msasa mkubwa", kisha apake "koti safi, zito".

Kijana alitii kila neno. Alichagua msasa wenye namba kubwa kuliko yote, kumbe huo ndio ulio laini kuliko yote. Mikwaruzo ya randa ikabaki pale pale. Kisha akamwaga vanishi nyingi kwa mara moja. Juu ikakauka, chini ikabaki mbichi, na uso wote ukajikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Aidha, ubao wa mbele wa gitaa huhitaji wepesi ili utetemeke, na ulipolemewa na mzigo ule sauti ikafifia. Hakukosea kusoma. Aliyekosea ni mfasiri, na hivyo ni wajibu wetu kuyapima maneno yake moja moja.

Tuanze na "koti". Koti ni vazi. Huvaliwa na kuvuliwa, na sifa yake mojawapo ni uzito. Mtu akiambiwa avike kitu koti, hatarajii kulivika mara nne. Mafundi rangi wetu wana neno lao: husema mkono wa kwanza, mkono wa pili. Neno hili limezaliwa kazini, kwa kuwa huhesabu safari za mkono wenye brashi, na ndani yake limo fundisho kwamba kazi hufanywa kwa awamu. Watetezi wa "koti" watasema kwamba limekwisha kusikika madukani. Hatukatai, lakini kuenea pekee hakutoshi ikiwa neno lenye maana dhahiri zaidi limo vinywani mwa wenye kazi.

La pili ni "safi", na hapa ndipo kosa lilipo kubwa. Kinyume cha safi ni chafu. Je, vanishi yenye rangi ya kahawia ni chafu? Mfasiri amezifunga katika neno moja sifa tatu ambazo fundi hana budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni uangavu, yaani kumwezesha mtazamaji kuona nyuzi za mti kupitia vanishi. Ya pili ni mng'ao, yaani kurudisha mwanga machoni. Ya tatu ni ulaini, yaani kidole kupita bila kukwama. Vanishi yaweza kuwa angavu bila kung'aa, na yaweza kung'aa huku ina vipele vya vumbi. Tena ulaini hautoki koponi hata kidogo. Hutokana na msasa uliopigwa kabla ya vanishi na baina ya mkono na mkono. Anayeambiwa kwamba vanishi "safi" ndiyo itakayomlainishia kazi, ataacha kusugua.

La tatu ni "msasa mkubwa". Msasa ni neno letu la asili: ni mmea wenye majani ya kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao, na kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina la jani, na hakuna aliyepotea. Upotevu umeletwa na "mkubwa". Namba ya msasa ikipanda, chembe zake huwa ndogo zaidi. Namba 120 hukwaruza kuliko namba 400. Basi "mkubwa" ni nini, namba au chembe? Istilahi yenye kuleta swali kama hilo haifai.

Kuhusu "vanishi" yenyewe hatuna ugomvi, ingawa historia yake inatia uchungu. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa katika pwani yetu ilipitia Unguja kwenda Salem, Marekani, na katika miji ya Ulaya, ikawa malighafi ya vanishi za huko. Mali ilitoka kwetu ikiwa na jina lake, ikarudi katika kopo ikiwa na jina jingine. Hata hivyo hatupendekezi vanishi iitwe sandarusi, kwa sababu vanishi nyingi za leo hazina hata chembe ya utomvu huo. Neno la kigeni lenye maana moja, lisilompoteza mtumiaji, lina haki ya kubaki.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) mkono: mpako mmoja wa vanishi au rangi, mwembamba, unaoachwa ukauke;
(b) vanishi angavu: vanishi isiyoficha mti, iwe yenye mng'ao au isiyo na mng'ao;
(c) msasa mkali na msasa laini, namba itajwe daima; na msasa wa maji kwa ule unaotumiwa ukiwa umeloweshwa;
(d) kupauka: vanishi kuingiwa na weupe kwa sababu ya unyevu wa hewa, kama itokeavyo kwa vanishi za spiriti zikipakwa siku za mvua. "Ukungu" usitumike hapa, kwa kuwa tayari ni jina la uozo unaoota juu ya mbao.

Istilahi hupimwa kwa sentensi. Kikaratasi kile kingeweza kusema: "Piga msasa mkali, namba 120, kwa kufuata nyuzi za mti, kisha namba 240. Futa vumbi. Piga mkono mwembamba wa vanishi angavu, uuache ukauke kabisa. Pitisha msasa laini, namba 400, ufute vumbi, ndipo upige mkono wa pili." Hakuna neno hapo ambalo seremala wa Kihagara angehitaji kuelezwa.

Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, tumezoea kudhani kwamba istilahi hutoka mezani kwenda karakana. Yafaa mara nyingine safari ianzie karakana. Kijana yule amekwisha kuikwangua vanishi yote, na gitaa lake li tupu tena, likingoja mkono wa kwanza. Wasomaji wa mwambao na wa milima ya Umatengo wenye maneno bora kuliko haya yetu, tunawaomba wayalete yapimwe.