Kigeu kitangazwe kwa kazi au kwa klasi?

Anayevuka kutoka Nchelenge kwenda kisiwa cha Kilwa, ndani ya Ziwa Mweru, hutafuta chombo cha kumfikisha. Kiwe cha kasia, kiwe cha injini, mradi kinavuka. Akishikilia kupanda mashua ya fulani tu, siku isipotoka atalala ufukweni.

Ndivyo anavyojifunga mwandishi wa programu za Java anapotangaza kigeu kuwa `ArrayList<Abiria>`. Akiandika `List<Abiria> abiria = new ArrayList<>();` ameomba kazi. `List` ni kiolesura, yaani orodha ya kazi zilizoahidiwa bila kueleza zitafanywaje. Kesho akitaka klasi nyingine, hubadili neno moja tu, la upande wa kulia.

Wengi huishia kwenye faida hiyo. Kubwa zaidi nimeiona katika OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Humo huandikwa `PatientService huduma = Context.getPatientService();`. Klasi inayofanya kazi yenyewe ni `PatientServiceImpl`, lakini mwombaji hakabidhiwi hiyo. Hukabidhiwa wakala anayeundwa programu inapowaka, akasimama mbele ya klasi hiyo. Wakala huyu hukagua kwanza kama mtumiaji ana ruhusa ya kuona wagonjwa, ndipo apitishe ombi. Ukilazimisha kigeu kiwe cha aina ya `PatientServiceImpl`, programu itakukatalia kwa kosa la `ClassCastException`, kwa kuwa wakala ametimiza kiolesura tu. Yeye si klasi ile. Kwangu huu ni ufundi wa hali ya juu: siri ya mgonjwa inalindwa kwenye mlango mmoja, wala haitegemei kila mwandishi wa moduli akumbuke kuweka ulinzi wake.

Lakini kiolesura hakidaiwi kisichoahidi. Mwenye magunia ya chisense wakavu, samaki wanaoharibika wakilowa, hana budi kutaja turubai anapoulizia chombo. `Map` haikuahidi kutunza mpangilio wa vitu vilivyoingia, `LinkedHashMap` imeahidi. Ukitangaza `Map` huku ripoti yako inategemea mpangilio huo, siku mwenzako atakapoweka `HashMap` kompaila itanyamaza, na majina yatatoka shaghalabaghala. Kosa la namna hii huchelewa kuonekana, maana programu inaendelea kufanya kazi. Hapo mimi hutangaza `LinkedHashMap` waziwazi, na nakusihi nawe ufanye hivyo.