"Kula vizuri, mama": lakini kula nini, hapa Ndosho?

Bandugu na badada, kila mumoja wetu iko na bibi, dada ao jirani anayeenda CPN. Leo nataka tuchambue lile somo la chakula wanalopewa pale, mbele ya kupimwa uzito na tansio.

Somo lenyewe munalijua: kuko vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili, mama ale vya aina zote tatu. Nilisindikiza dada yangu kwenye kituo kimoja cha afya, nikalisikiliza mpaka mwisho. Hakuna uongo ndani. Shida ni kwamba linajibu maulizo ambayo wamama hawakuuliza, na yale wanayouliza linayaruka.

Kwanza, picha. Nyama, mayai, maziwa, samaki kubwa. Tangu vita ifike mjini Januari 2025 na banki zikafunga, ni nyumba ngapi za Ndosho zinaweza kununua vile kila siku? Mama anaangalia picha, anajisemea "hii si ya kwangu", anaacha kusikiliza. Na huku ndagala na sambaza, zikiliwa nzima na mifupa yake, zinaleta protini na kalsiamu. Maharagi, lenga-lenga na unga wa soya viko sokoni. INERA na HarvestPlus walieneza nchini hata mbegu za maharagi yenye feri nyingi. Mimi mutu wa agronomi, nilingoja nisikie neno moja juu ya hayo. Hapana.

Pili, namna ya kula. Feri ya maharagi na ya majani inaingia mwilini kidogo tu. Ndimu inaisaidia kuingia. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaizuia. Sasa mama anameza kinini chake cha feri na kikombe cha chai, na hakuna aliyemwambia atenganishe hivyo viwili kwa saa moja ao mbili. Shauri hilo haliombi hata franka moja.

Tatu, wakati. Asidi foliki inalinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, lakini sehemu hiyo inajifunga karibu siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kama wako na mimba. Toka 2016, OMS inashauri mama aonane na waganga mara 8, ya kwanza ikiwa mbele ya wiki 12. Huku kwetu wengi wanangoja tumbo lionekane kwanza. Basi somo hili lingefaa lianze kwenye auditoire, kwenye kwaya, sokoni, kwa wasichana ambao hawajabeba mimba bado.

Nne, udongo. Siku ile mama mumoja aliuliza kama kula udongo ni mubaya. Banki nzima ikacheka. Akaambiwa "acha", basi. Lakini ile hamu inaweza kuwa alama ya kukosa damu. Na udongo unashika feri tumboni, tena unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata risasi. Yule mama alileta ulizo la maana kuliko yote ya asubuhi ile, akarudi nyumbani na haya.

Siwalaumu wauguzi. Muuguzi mumoja, wamama wengi, kitabu cha picha kimechorwa mbali. Lakini sisi wenye lisansi za agronomi, za nutrisio, za afya, tunaposti picha za kolasio na toge, halafu? Tunaweza kuandika karatasi moja kwa Kiswahili, na bei za Kituku na za soko la Virunga, tuipeleke kwenye vituo. Na somo lianze na ulizo moja: "Mama, jana ulikula nini?" Tukisikia jibu, ndiyo tutajua cha kumufundisha.

Nani iko tayari? Andikeni hapa chini, na museme bei ya lenga-lenga kwenu leo.