Paa la Nyumba Kuukuu Hukaguliwa Kuanzia Ndani

Anayenunua nyumba ya zamani Tanga au Mombasa kwa kawaida huonyeshwa paa akiwa amesimama uani. Dalali ananyoosha kidole, bati linang'aa kwa rangi mpya, mnunuzi anaridhika na kuingia ndani kupima vyumba. Hapo ndipo anapoumia. Bati likichakaa hung'olewa likapigwa jingine kwa siku chache. Mbao zilizolibeba zikioza kwa wingi, paa zima hushushwa, na dari huondoka nalo. Kwa hiyo ukaguzi wa maana huanzia chini ya paa, na juu ndiko humalizikia.

Ndivyo alivyofanya fundi seremala niliyefuatana naye kukagua nyumba moja Tanga, ya matofali ya saruji, iliyoezekwa kwa bati miongo kadhaa iliyopita. Alianza vyumbani, macho darini. Doa la kahawia lenye ukingo mmoja huenda ni la mvua moja. Lenye duara ndani ya duara ni la maji yanayorudi kila masika. Sebuleni hapakuwa na doa, ila kipande kimoja cha dari kilikuwa cheupe kuliko vingine. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kikabonyea. Rangi ilikuwa mpya, bodi yenyewe ilikuwa imekwisha kulainika kwa maji.

Kisha akaomba tundu la dari lifunguliwe. Ilikuwa saa sita mchana, na saa hiyo aliichagua kwa makusudi. Alipanda na tochi, akaizima, akasubiri macho yazoee giza. Chini ya bati, kila nukta ya mwanga ni tundu. Chini ya vigae vya Mangalore, vilivyoletwa pwani kwa meli kutoka India na ambavyo bado vinafunika nyumba nyingi za zamani, mwanga mwembamba kwenye maungio ni jambo la kawaida. Hapo kinachotafutwa ni kigae kilichopasuka na mbao iliyopiga weusi kwa unyevu.

Alipowasha tochi tena alitoa bisibisi. Mbao nzima huikataa ncha, iliyooza huipokea. Alichoma pale kenchi zinapokalia ukuta, pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, na kuzunguka mabomba yanayotoboa paa. Kisha akagonga. Mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ganda la nje likionekana zima, kwa hiyo sikio husaidia kuliko jicho: mbao iliyoliwa hulia tupu. Aliangalia pia njia za udongo zinazopanda ukutani, na unga mwembamba chini ya vitundu vidogo. Unga mweupe ulio mpya ni dalili kwamba wadudu bado wanakula.

Juu ya sebule, kenchi mbili zilikuwa zimeoza kwenye ncha. Tundu lililoziozesha halikuwa juu ya kile kipande cheupe. Lilikuwa hatua kadhaa mbele yake, pale paa la baraza lilipoungwa baadaye. Maji yakipenya hufuata mteremko wa mbao kabla ya kudondoka. Ndiyo maana kuziba bati lililo juu ya doa mara nyingi hakumalizi uvujaji.

Nje, fundi hakukimbilia juu. Aliegemeza ngazi kwenye ukingo wa paa akatazama upande wa chini wa bati. Pwani, upepo wa bahari hupeleka chumvi pande zote mbili za bati. Upande wa juu huoshwa na mvua, upande wa chini hauoshwi, na kutu huanza kula hapo, kwenye mapindano na kwenye matundu ya misumari. Rangi ya juu huficha haya yote. Uliza pia geji ya bati: namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hivyo geji 30 ni nyepesi kuliko geji 28, na kutu ina kidogo cha kula kabla ya kutoboa.

Uzito nao haupuuzwi. Vigae vya Mangalore hufika kilo 35 hadi 40 kwa mita moja ya mraba, bati la geji 28 kilo 4 hivi. Mtu akinunua nyumba ya bati kwa nia ya kuezeka vigae, ajue kwamba kenchi zile hazikujengwa kwa mzigo huo. Simama mbali uangalie mstari wa kofia ya paa. Ukiwa umebonyea katikati, mbao tayari zimeshindwa.

Ukikuta mawimbi manene ya kijivu yanayofanana na saruji, huenda ni asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Paa la aina hiyo likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likitobolewa, likikatwa au likisuguliwa hutoa nyuzi zinazoingia mapafuni. Usiruhusu fundi alipande wala alivunje. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na kibali, na gharama hiyo iingie kwenye bei kabla ya kutia saini.

Kenchi mbili zilizooza haziifanyi nyumba isinunulike. Zinatengenezeka, na gharama yake ni hoja nzito mezani wakati wa kupatana bei. Asiyejua ndiye anayelipa mara mbili. Kwa hiyo nenda na fundi wako, umlipe wewe mwenyewe, wala usimtegemee aliyeletwa na dalali. Na mwenye nyumba akikataa tundu la dari lisifunguliwe, usitoe malipo ya awali hata kidogo.