Yai la Kifaransa Ndani ya Chungu cha Wakisi: Jamani, Mmeonja Hii?

Naandika kijiko kikiwa bado mkononi, maana hii haiwezi kungoja mpaka kesho. Yai la kuoka kwa mtindo wa Wafaransa, lile wanaloliita œufs en cocotte, limetoka sasa hivi kwenye jiko la mkaa hapa Mbeya, na sitamung'unya maneno: baridi yetu ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa inakidai kifungua kinywa hiki siku nyingi! Chipsi mayai isinielewe vibaya. Saa tano za usiku pale Mwanjelwa zege hilo halina mpinzani. Lakini asubuhi, ukungu umeshuka toka mlima Loleza na vidole havikunjiki, mfalme ni huyu hapa.

Na jinsi kilivyo chepesi! Unapaka kibakuli siagi, unaweka kijiko cha malai, unapasulia yai juu yake, chumvi, pilipili manga, kisha tone jingine la malai. Kibakuli kinasimamishwa ndani ya maji ya moto, kinafunikwa, dakika nane mpaka kumi na mbili, basi. Hukorogi, hugeuzi, mafuta hayakurukii. Unachovya mkate uliochomwa, uliokatwa vipande vyembamba vya kuingia chunguni. Julia Child na wenzake wawili wa Kifaransa waliliweka yai hili katika kitabu chao kikubwa cha upishi cha mwaka 1961, na kina mama wa Marekani wakalipikia wageni kwa majivuno. Sisi tulichelewa wapi?

Oveni, mtaniambia. Wafaransa wanatumia oveni ya nyuzi 180 hivi. Sawa, ila nani hapa hajala keki iliyookwa kwa sufuria, makaa chini na makaa juu? Ni mtindo uleule. Sufuria pana, maji yafike nusu ya kibakuli, mfuniko bapa wa bati, na juu ya mfuniko makaa machache tu. Hayo makaa ya juu ndiyo siri yenyewe! Mfuniko ukiwa baridi, mvuke unageuka matone na kukudondokea kwenye malai, unapata supu. Mfuniko wa moto haukusanyi matone, halafu joto lake linashikisha ute kwa juu. Nimeliona kwa macho yangu na bado nashangaa.

Maji yenyewe yasichemke kwa fujo. Ute wa yai huanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi, kiini huanza kuwa kizito kwenye 65, na kikifika 70 kimeshakuwa kigumu. Dirisha ni dogo mno! Wakazi wa Mbeya tuna upendeleo hapa, kwa sababu mji umekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama Dar es Salaam. Kwa maharage huo ni msiba, kila anayeyapika huku anajua gharama ya mkaa. Kwa yai hili ni baraka tupu.

Sasa chungu. Vitabu vinataka vibakuli vya kauri, vyeupe, vya dukani. Achana navyo. Nendeni mkatafute vyungu vidogo vya Wakisi, kazi ya mikono ya wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa jirani na Matema, wanaovileta gulioni na vikapanda mpaka masoko ya Mbeya. Udongo wa rangi ya maziwa ya chai, michoro myekundu na myeupe, ubavu mwembamba unaoupigia ukucha ukalia. Yai limekaa humo kama kifaranga kiotani! Angalizo moja: udongo hutunza moto, kwa hiyo epua wakati katikati bado panatetemeka kidogo, maana yai litaendelea kuiva mezani. Na usiutie udongo wa baridi kwenye maji ya moto ghafla. Anza na maji ya vuguvugu, vipande vya chungu si kitoweo.

Malai ndiyo yaliyonimaliza. Maziwa mabichi kutoka Tukuyu, yachemshwe, yafunikwe, yalale usiku kucha kwenye baridi ya Julai. Asubuhi utando wa juu ni mnene, wa manjano, kijiko kinasimama. Wenye friji watanicheka, lakini friji yangu ni dirisha. Na tafadhali, siagi iwe siagi. Majarini ya kopo ina kazi zake, hapa inaacha mafuta yanayoelea na ladha ya kiwandani.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alichungulia chungu chake akaguna. "Mwanangu, hili halijaiva." Nikamwambia, "Limeiva, mama, ute umeshika. Kiini ndicho tumekiacha kwa makusudi." Akalirudisha jikoni mpaka likawa gumu, akala lote, akakomba chungu kwa mkate. Kumbe hata likiiva kabisa malai yanaliokoa! Na wajawazito, watoto wadogo na wazee wafanye kama yeye, kiini kibichi si chao.

Kasoro? Ipo. Yai la kienyeji ni dogo, kiini chake cha rangi ya chungwa kinapendeza lakini mtu mzima mwenye njaa ya shamba atauliza chakula kiko wapi. Weka mawili kwa chungu. Au fanya kama nilivyofanya mimi, ndizi ya Rungwe ya kuchemsha pembeni, na viazi mviringo vya kukaanga badala ya mkate. Viazi kwenye kiini laini! Mfaransa angeondoka na chungu.

Iringa, msidhani nimewasahau. Kamwene! Nyie mna silaha ambayo sisi tunaitamani: uyoga wa porini unaouzwa barabarani mvua zikianza. Uukate vipande vidogo, uukaange na kitunguu mpaka maji yake yote yakauke, uulaze chini ya yai kabla ya malai. Juu kwaruza jibini ya Njombe, ile ya kiwanda cha maziwa kilichoanza kwa msaada wa Waitaliano wa shirika la CEFA. Huko bado sijafika, nimelipika kichwani tu, lakini mvua za kwanza zikinyesha napanda basi, na vyungu vyangu nitavipakata mapajani.