Sauti Inapokatwa Vilele: Mwongozo wa Kupima Stereo Kolwezi

Stereo nyingi za nyumbani Kolwezi zinahukumiwa vibaya kwa sababu ukaguzi unaanza mahali pasipo na tatizo. Sauti ikikwaruza, mtu ananunua waya mnene wenye ganda linaloonyesha ndani na maandishi ya dhahabu, ilhali kilichoharibika kiko nyuma zaidi: kwenye umeme unaoingia nyumbani, na kwenye ampli inayodaiwa kutoa kile isichonacho. Katika mji huu stereo ipimwe kwa kufuata njia ya umeme wenyewe: kwanza volti za ukutani, kisha ampli, kisha spika, au bafle kama wasemavyo wenyeji, na waya wa spika mwisho. Waya nao upimwe kwa unene na kwa ukweli wa shaba yake. Bei haisemi chochote.

Ampli inachukua volti zilizomo ndani yake na kuziumba kwa sura ya muziki. Ikiwa ni ya wati 50 na spika ni ya omu 8, kwenye kilele cha wimbi inalazimika kufikisha volti 28 hivi. Ikidaiwa zaidi ya hapo akiba yake imekwisha, na wimbi lililotakiwa kupanda na kujikunja taratibu linakatwa juu likabaki bapa. Masikioni, besi inapoteza kishindo na kubaki mvumo mfupi, sauti ya mwimbaji inapata ukali wa bati, matoazi yanachanika. Dalili ya uhakika ni wakati: ukwaruzaji unakuja muziki unapofura na kuondoka unapotulia. Spika iliyoungua koili inakwaruza kwenye noti fulani hata ukipunguza sauti, na kiungo kilicholegea kinatoa mchakato ukigusa waya, muziki uwe mkubwa au mdogo. Anayeweza kutenganisha mambo haya matatu kwa sikio ameshaokoa fedha nyingi.

Sasa tutazame ukuta. Tangu 1982 Kolwezi ni mwisho wa mojawapo ya njia ndefu za umeme duniani, ile inayotoka kwenye mabwawa ya Inga kwa kilomita 1,700 hivi kama mkondo mnyoofu, ukageuzwa kuwa mkondo geu ukifika hapa. Karibu na mji kuna pia mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Hata hivyo umeme hautoshi. Migodi yenyewe inanunua mwingine kutoka Zambia na kuwasha jenereta. Nyumba zinabakiwa na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, na saa umeme unapokuwepo, jioni kila mtu akiwa amewasha jiko, volti zinashuka. Ampli ya kawaida yenye transfoma nzito haina namna ya kujitetea. Ukuta ukishuka kutoka volti 220 hadi 180, volti za ndani zinashuka kwa kiwango kilekile, na kwa kuwa nguvu inafuata mraba wa volti, ile ampli ya wati 50 inabaki na wati 33 hivi. Theluthi nzima imepotea, na hakuna kilichoharibika ndani ya boksi.

Mtu atapinga kwamba kutoka wati 50 hadi 33 ni pungufu ya desibeli zisizofika 2, jambo ambalo sikio halilioni. Ni kweli, na ndiyo maana hasara hii ni mbaya. Msikilizaji haoni sauti imepungua, kwa hiyo hapunguzi kitufe. Anaendelea na kiwango chake cha kila siku, na vilele ambavyo mchana vilipita salama, jioni vinakatwa. Tesita ya umeme ya bei ndogo inamaliza ubishi: pima volti kwenye tundu muziki ukiwa kimya, kisha pima tena muziki ukiwa juu na majirani wote wamerudi nyumbani. Kama volti za usiku ziko chini muda wote, stabilaiza inasaidia, lakini ikumbukwe kwamba inapandisha volti kwa kuvuta ampea nyingi zaidi ukutani, kwa hiyo nyaya nyembamba za nyumba zitapata joto. Kama zinaanguka tu pale besi inapopiga, tatizo ni nyaya za nyumba au waya wa kuongezea. Ampli za kisasa nyepesi, ambazo umeme wake wa ndani unarekebishwa kielektroniki, nyingi zinastahimili kushuka huku. Katika mji wenye umeme kama huu, hilo ni sifa ya kulipia.

Wanaokimbia delestaji kwa betri na sola, wakitumia ampli ya gari, wafanye hesabu nyingine. Kwa volti 12, ampli isiyo na kipandisha volti ndani yake haiwezi kutoa zaidi ya wati 18 safi kwa spika ya omu 4, hata kama imeandikwa 4 mara 50. Na hapa waya wa betri ni muhimu kuliko wa spika: ampea 10 zikipita kwenye waya wenye omu 0.2, volti 2 kati ya 12 zimeachwa njiani.

Maandishi ya nje yasiaminiwe. Boksi linalotangaza wati 3,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo, ligeuzwe nyuma na kusomwa kibati chake: kikisema chombo kinatumia wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo, kwani sehemu yake nyingine inageuka joto. Kuna pia imani kwamba ampli ndogo inaua spika, hivyo dawa ni kununua kubwa. Imani hii ina nusu ya ukweli. Wimbi lililokatwa hadi kuwa la mraba linabeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kilele kilekile, na wakati besi imegota juu, sauti nyembamba bado zinaendelea kuongezeka kila kitufe kinapozungushwa; twita, spika ndogo ya sauti hizo nyembamba iliyoundwa kwa wati chache, inaungua. Kinachoiunguza ni joto la nguvu hiyo na mkono usiosimama. Ampli kubwa mikononi mwa mtu huyohuyo itaiua pia. Dawa ya bei nafuu ni kuchagua spika yenye usikivu mkubwa: ya desibeli 90 inahitaji chini ya nusu ya nguvu inayohitajiwa na ya desibeli 86 kwa sauti ileile, na hivyo ampli ya wati 33 za jioni inapumua.

Ndipo tufike kwenye waya, na hapa mji huu una haki ya kusema. Mukuba, yaani shaba, unaotoka kwenye matangi ya umeme ya kiwanda cha Luilu na mitambo ya jirani ni katodi, mabamba ya shaba safi, na katodi za daraja la soko la London zina usafi wa asilimia 99.99. Tarakimu hizo ndizo zinazochapwa kwenye waya wa bei kali kana kwamba ni siri ya maabara, ilhali ni usafi wa kawaida wa shaba ya umeme. Mukuba huo unapita barabarani juu ya malori kila siku. Shaba isiyo na oksijeni inapitisha umeme kwa asilimia 1 hivi zaidi ya ile ya kawaida. Kwa waya wa mita 5, faida hiyo ni sawa na kukata sentimita 5. Kinachobadilisha mambo ni unene. Jozi ya mita 5 ya shaba ya milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, ina omu 0.07, na kwa spika ya omu 4 hasara yake haisikiki.

Kinachosikitisha ni kwamba madukani shaba ya kweli inapambana na alumini iliyopakwa shaba juu. Rangi ni ileile, lakini upitishaji wake haufiki theluthi mbili ya ule wa shaba. Jozi ya mita 5 ya milimita za mraba 0.5 ya aina hiyo ina zaidi ya nusu omu, na kwa spika ya omu 4 inakula desibeli 1 na kuyumbisha uwiano wa sauti, kwa kuwa ukinzani wa spika wenyewe unabadilika toka noti hadi noti. Kuitambua ni rahisi: kwaruza uzi mmoja kwa wembe, ukitoa weupe ni alumini. Au pima uzito: mita 1 ya waya mmoja wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ina gramu 22 za metali, ya bandia haifiki nusu. Alumini si dhambi; nyaya kubwa za msongo wa juu zinazovuka nchi ni alumini, lakini nene ipasavyo. Kwa spika inaweza kutumika ikiongezwa unene. Kwa tundu la ukutani isitumike: inalegea kwenye skrubu, inashika kutu, inapata moto, na nyumba inaweza kuungua.

Wapo watakaosema wamebadilisha waya na masikio yao yamesikia tofauti. Siwakatalii walichosikia. Waya wa zamani ulipofunguliwa, ncha zenye kutu na vumbi jekundu la kiangazi zilisafishwa au kukatwa, na skrubu zikakazwa upya. Jaribio la haki ni kusafisha kwanza ncha za waya wa zamani, kusikiliza, kisha kubadilisha huku mtu mwingine akiwa nyuma ya pazia na sauti ikiwa sawa kabisa, maana iliyo kubwa kidogo tu huonekana nzuri zaidi.

Kwa jaribio hilo rekodi za gitaa za Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, zinafaa kuliko ndombolo yoyote. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinapiga nyuzi za juu, na kila mdonoo una mwanzo mkali na mwisho unaofifia. Ampli ikikata vilele, mianzo hiyo inafanana yote na vidole viwili vinakuwa kimoja. Muziki wa sasa una mtego: nyimbo nyingi zilishakatwa vilele studio ili zisikike kubwa zaidi. Punguza kitufe hadi kiwango cha mazungumzo. Ukali ukibaki, umo ndani ya rekodi, na hakuna ampli wala waya utakaouondoa.